Palwankar Baloo, Mrushaji wa Mkono wa Kushoto

Katika kurasa hizi tumezoea kusimuliana habari za watu waliotutangulia, na mara nyingi wamekuwa ni watu wa nchi zetu hizi. Safari hii twaomba radhi, maana twataka kuwachukua mbali kidogo, hadi India, tena katika habari za mchezo ambao wengi wetu hatukuucheza. Mchezo huo ni kriketi. Waliokulia Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa watakumbuka kuwaona Wahindi wakiucheza siku za Jumapili, wamevaa nguo nyeupe, kutwa nzima juani, na sisi wapita njia tukijiuliza ni mchezo gani huu usiokwisha.

Sisi tulifumbuliwa macho na mkufunzi mwenzetu wa Kihindi, tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu. Jioni moja alitupa chungwa, akatuonyesha jinsi ya kulishika kwa vidole viwili vilivyopanuliwa na kulisokota linapotoka mkononi. Chungwa lilipogonga chini, halikwenda mbele kama tulivyodhani, bali liliruka upande. Tulicheka kama watoto. Kisha akaanza kutusimulia habari za mtu aitwaye Palwankar Baloo, na hapo kicheko kikaisha.

Kwanza tueleze mchezo kwa ufupi. Katikati ya uwanja kuna ukanda mgumu wa ardhi, urefu wake kama mita 20. Kila mwisho wa ukanda huo kuna vijiti vitatu vilivyosimamishwa, navyo huitwa wiketi. Mpigaji husimama mbele ya vijiti na gongo lake bapa la mbao. Mrushaji humrushia mpira kutoka upande wa pili, na mpira wenyewe ni mgumu, umefunikwa kwa ngozi, una mshono uliotokeza. Kazi ya mpigaji ni kuupiga na kukimbia, na kila mkimbio huhesabiwa. Kazi ya mrushaji ni kumtoa mpigaji huyo, ama kwa kuangusha vijiti vyake, ama kwa kumfanya apige mpira juu ukadakwa, na akifanikiwa husemwa kwamba amepata wiketi. Akisharusha mipira sita humpisha mwenzake. Zaidi ya hayo yana urefu wake, nasi hatutayaingia.

Baloo alizaliwa mwaka 1876 huko Dharwad, kusini ya Bombay, mji ambao sasa unaitwa Mumbai. Watu wake walikuwa wa tabaka la Chamar, ambao kazi yao ya asili ni ngozi: kuchuna ng'ombe waliokufa, kulainisha ngozi na kushona. Kwa sababu hiyo Wahindu wa matabaka ya juu waliwahesabu kuwa najisi, wasioguswa. Hawakuruhusiwa kuteka maji katika kisima cha wengine, wala kuingia katika hekalu, wala kula na watu wa tabaka jingine. Twaomba msomaji aukumbuke ule mpira wa ngozi tulioutaja. Bramini aliweza kuushika mchana kutwa, akaupangusa kwa suruali yake nyeupe, asione taabu. Lakini mkono wa mtu wa kabila la waliotengeneza ngozi hiyo hakuweza kuugusa. Sisi tumelitafakari jambo hili mara nyingi na hatujaliona maana yake.

Baba yake alifanya kazi katika jeshi la Waingereza mjini Poona, na huko ndiko Baloo na mdogo wake Shivram walikojifunza kriketi, kwa magongo na mipira iliyotupwa na maafisa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia na kusawazisha kiwanja cha klabu ya Waparsi kwa mshahara wa rupia 3 kwa mwezi. Mwaka 1892 alihamia klabu ya Wazungu ya Poona, akalipwa rupia 4. Alivuta roli la kusawazishia ardhi, akatandaza nyavu za mazoezi, akachora mistari. Siku nyingine Wazungu walipokosa mtu wa kuwarushia mpira katika mazoezi walimwita yule kijana wa roli, na hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba kijana wa roli ana mkono.

Kulikuwa na afisa mmoja, Kapteni J. G. Greig, aliyekuwa mpigaji bora kati ya Wazungu wote wa magharibi ya India. Huyu (ambaye uzeeni akawa padre wa Kanisa la Roma, lakini hiyo ni hadithi nyingine) alikuja kiwanjani mapema kuliko wenzake ili arushiwe mpira na Baloo peke yake, saa nzima au zaidi. Inasimuliwa kwamba alimlipa nusu rupia kila alipomtoa. Kama ni kweli, basi kuna miezi ambayo Baloo alipata kwa vidole vyake zaidi ya alichopata kwa ufagio. Lakini gongo hakupewa. Katika klabu ile, kupiga kulikuwa ni kwa Wazungu. Mwenyeji alirusha na kuokota mpira. Alirusha maelfu ya mipira kwa watu hodari asipate hata siku moja ya kupiga, na twadhani hapo ndipo alipoisoma akili ya mpigaji kama mwalimu anavyomsoma mwanafunzi asiyetaka kusema.

Sasa alikuwa akifanya nini hasa na mpira ule? Warushaji ni wa namna mbili. Wako wa kasi, wanaokuja mbio na kuuvurumisha mpira, na mpigaji hana nafasi ya kufikiri. Na wako wa polepole, ambao humpa mpigaji nafasi ya kufikiri ili afikiri vibaya. Baloo alikuwa wa namna hii ya pili. Alikuja hatua chache tu, mwili umelegea, akauachia mpira kutoka mkono wa kushoto, kidole cha shahada kimelala juu ya mshono na kuusokota unapotoka. Mpira wa namna hiyo ukigonga chini huacha njia yake na kwenda kando, ukimkimbia mpigaji anayetumia mkono wa kulia. Mpigaji akinyosha gongo kuufuata, huugusa kwa ukingo tu, nao humwendea mlinda wiketi, au yule mdakaji anayesimama ubavuni pake.

Lakini mpigaji hodari akiona mpira unakwenda kando kila mara, atauzoea. Kwa hiyo mrushaji huongeza hila ya pili: mmoja asiusokote, uende moja kwa moja kwenye vijiti, na mkono uonekane vilevile kama wa mwanzo. Mpigaji aliyekwisha kujiweka tayari kwa mpira wa kukimbia hujikuta vijiti vyake vimelala. Hila ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo iko hewani kabla mpira haujagusa chini. Mpira ukirushwa juu kidogo na kusokotwa ili uzunguke kuelekea mbele, hewa huusukuma chini, nao huanguka upesi kuliko jicho linavyotazamia. Mpigaji huona kama utamfikia karibu na mguu, akapiga hatua mbele aupige mbali, kumbe umeanguka mbele yake, akaukosa. Mlinda wiketi aliye nyuma huudaka na kuangusha vijiti kabla mwenye gongo hajarudi mahali pake. Waliomwona Baloo wamesimulia kwamba aliweza yote haya, na kwamba mpira wake wa kuanguka ghafla uliwasumbua hata Wazungu waliozoea viwanja vya kwao. Aliweza pia kuupeleka mpira pande zote mbili, na kubadili mwendo wake bila kubadili mkono.

Tena palikuwa na mambo ya nahodha na mpango wa wachezaji. Mrushaji wa polepole lazima avumilie kupigwa. Huacha kwa makusudi upande mmoja wa uwanja wazi, bila mlinzi, ili mpigaji aone tamaa ya kupiga huko, kinyume cha mzunguko wa mpira. Atapigwa mara moja, mara mbili, watazamaji watapiga kelele, na asiyejua atasema mrushaji huyu aondolewe. Mara ya tatu mpira hutoka umesokotwa zaidi kidogo, nao huenda juu angani mpaka mikononi mwa mtu. Ardhi nayo ina neno lake. Ikinyesha mvua kisha jua likatoka, udongo wa juu hushika mpira na kuusukuma vibaya sana, na siku hiyo mrushaji wa namna ya Baloo huwa ni mfalme. Aliyevuta roli juu ya udongo huo kwa miaka hakuhitaji kuambiwa ni wapi pa kuangusha mpira.

Hapa twataka kusema neno juu ya mkono wa kushoto. India, kama kwetu pwani, mkono wa kushoto hautumiki kula wala kumpa mtu kitu. Sisi walimu wa zamani tulikuta watoto wanaoandika kwa mkono huo wakichapwa wabadilishe, na tukiri kwamba katika miaka yetu ya kwanza tulichapa na sisi. Hatujui tuliharibu mikono mingapi.

Basi Wahindu wa Poona nao walikuwa na timu yao, na walikuwa na hamu kubwa ya kuwashinda Wazungu. Mrushaji bora wa mji mzima alikuwa pale mbele ya macho yao, akifagia. Wakagawanyika. Wako waliosema achukuliwe, na wako waliosema Bramini hawezi kucheza na Chamar. Mwishowe tamaa ya kushinda ilizidi nguvu, akachukuliwa, lakini kwa masharti. Uwanjani waligusa mpira mmoja. Wakati wa chai wenzake waliingia bandani wakanywa kwa vikombe vya kaure, naye aliletewa nje, katika kikombe cha udongo cha kutupwa baada ya kunywea. Chakula alikula peke yake, katika sahani yake, meza yake mbali. Akitaka kunawa uso, mtumishi wa tabaka lake alimletea maji kwenye pembe ya uwanja. Kisha muda wa kurudi mchezoni ukifika, alirudi akawatolea wapigaji.

Twasimulia haya kwa uchungu kwa sababu hatukuyaona India peke yake. Mahali fulani tulipopata kufanya kazi, ambapo hatutapataja, tarishi wa ofisi alikuwa na kikombe chake cha bati kilichotundikwa msumarini nje ya mlango, na vikombe vingine havikuguswa naye. Alikuwa Mwafrika kama sisi, tulikuwa tukiimba naye kwaya. Miaka minne tulikunywa chai ndani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini.

Timu ile ya Poona ilianza kuwashinda Wazungu. Katika mji wa Satara Baloo alipata wiketi 7, na watu wa matabaka ya juu wakamshangilia. Jaji Mahadev Govind Ranade, mtu mkubwa kati ya watengenezaji wa mambo ya Wahindu wakati huo, alimvika shada la maua mbele ya mkutano. Kwa Bramini kumvika Chamar maua kwa mkono wake mwenyewe lilikuwa jambo la kusimuliwa nyumba kwa nyumba.

Mwishoni mwa karne ya 19 Baloo alihamia Bombay, akaajiriwa katika kampuni ya reli na kuichezea timu yake, na pia klabu kubwa ya Wahindu ya mji huo. Huko mambo yalikuwa yamelegea kidogo kuliko Poona, na hatimaye wenzake wakala naye meza moja. Mwezi wa Februari 1906 Wahindu wa Bombay walicheza na Wazungu kwa siku kadhaa mbele ya umati mkubwa. Wahindu walipata mikimbio 242, Wazungu 191. Mara ya pili Wahindu wakapata 160, na Wazungu wakatolewa wote kwa 102 tu. Wahindu walishinda kwa mikimbio 109. Baloo alipata wiketi 8 katika mchezo huo, na nduguye Shivram alikuwa naye uwanjani. Kumbuka kwamba siku hizo Mwingereza alitawala India yote, na kumshinda katika mchezo wake mwenyewe kulikuwa na utamu ambao wazee wetu waliopata kuwafunga mabwana katika mpira wa miguu wataufahamu.

Mwaka 1911 timu ya kwanza ya India nzima, Waparsi, Waislamu na Wahindu pamoja, ilikwenda Uingereza. Nahodha wao alikuwa Maharaja wa Patiala, kijana wa miaka 19, ambaye alishughulika zaidi na karamu za kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano kuliko kriketi, tena akamchukua mmoja wa wapigaji bora awe katibu wake. Timu ikapigwa karibu kila mahali. Katika mechi kubwa 14 walishinda 2 tu, moja dhidi ya Leicestershire na nyingine dhidi ya Somerset, na hiyo ya Somerset Shivram ndiye aliyewaokoa kwa kupata mikimbio zaidi ya 100. Lakini Baloo, mtu wa miaka 35, alirusha siku baada ya siku katika nchi ya baridi ambayo hakuizoea, akapata wiketi 114 kwa jumla. Dhidi ya Chuo Kikuu cha Cambridge alitoa wapigaji 8 katika zamu moja. Aliporudi Bombay watu wa matabaka ya chini walimfanyia mapokezi makubwa, na inasemekana kwamba mmoja wa waliomkaribisha ni kijana mwanafunzi aitwaye Bhimrao Ambedkar. Tutamkuta tena huyu.

Mtu angedhani kwamba baada ya hayo Baloo atafanywa nahodha wa Wahindu katika mashindano yao ya kila mwaka pale Bombay. Hakufanywa. Mwaka baada ya mwaka alichaguliwa mtu mwingine wa tabaka la juu, aliyejua mchezo kidogo kuliko yeye. Ndugu zake wadogo walikuwa wamekua, na wote walikuwa wachezaji: Shivram, Ganpat, na Vithal aliyekuwa mpigaji hodari sana. Mwaka 1920 mambo yalifikia mwisho. Baloo aliachwa nje ya timu, na unahodha ukampita Vithal pia. Basi Shivram na Vithal walijitoa, wakaeleza hadharani kwamba wamechoka kudharauliwa kwa ajili ya kuzaliwa. Mji mzima ukagawanyika, na ni mwaka uleule ambao Gandhi alikuwa akiwahubiri Wahindu waache dhambi ya kuwatenga wenzao. Wakubwa wa timu wakarudi nyuma. Kwa mchezo wa mwisho na Waparsi ndugu wale walirudishwa, Baloo akafanywa nahodha msaidizi, na nahodha mwenyewe, M. D. Pai, alitoka uwanjani kwa muda ili Baloo aongoze. Alikuwa na miaka 44. Twalipenda tendo la Pai, ingawa lilichelewa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1923, Vithal alifanywa nahodha kamili, na Wahindu wakawashinda Wazungu. Umati ulimbeba mabegani.

Uzeeni Baloo aliingia katika siasa, na hapa hadithi inakuwa ngumu. Ambedkar, yule kijana, alikuwa amesoma Marekani na Uingereza na kuwa kiongozi mkuu wa wasioguswa. Alitaka watu wake wapige kura peke yao na kuchagua wawakilishi wao wenyewe, kwa kuwa hakuwaamini Wahindu wa matabaka ya juu. Gandhi alikataa, akafunga kula gerezani mwezi wa Septemba 1932, na ikaonekana atakufa. Baloo alikuwa mmoja wa waliomwendea Ambedkar kumsihi akubali mapatano, naye akayatia sahihi Mapatano ya Poona. Ambedkar alipotangaza baadaye kwamba hatakufa akiwa Mhindu, Baloo alimpinga. Na mwaka 1937, chama cha Congress kilipotafuta mtu wa kusimama dhidi ya Ambedkar katika uchaguzi wa baraza la kutunga sheria la Bombay, kilimsimamisha Baloo. Ambedkar alipata kura 13,245, Baloo kura 11,225.

Wapo wanaomlaumu kwa hilo, wakisema alijiacha atumiwe na watu walewale waliomnywesha chai nje. Sisi twaona kwamba alikuwa mtu aliyetumia maisha yake yote kuingia katika nyumba ya Wahindu kupitia mlango wa mbele, na hakuweza kukubali, baada ya safari ndefu hivyo, kuambiwa kwamba nyumba yenyewe haifai. Ambedkar alikuwa kijana kwake, na alisimama nje kwa hiari, akatazama. Huenda wote wawili walikuwa na haki. Mkufunzi mwenzetu alikuwa upande wa Ambedkar, nasi tulibishana naye jioni nyingi.

India ilianza kucheza na Uingereza mechi za mataifa mwaka 1932, naye alikuwa amekwisha kuzeeka. Mechi kubwa zilizohesabiwa rasmi katika maisha yake ni 33 tu, maana aliingia katika hesabu hizo akiwa karibu na miaka 30. Ndani yake alipata wiketi 179, na kila wiketi iligharimu timu yake mikimbio 15 na kidogo. Wajuzi wa mchezo watawaambia ni hesabu gani hiyo. Maelfu ya mipira aliyomrushia Kapteni Greig asubuhi zile za Poona haimo.

Katiba ya India huru, ambayo kamati ya kuiandika iliongozwa na Ambedkar, ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950, na kifungu chake cha 17 kilipiga marufuku desturi ya kumfanya mtu asiguswe. Baloo aliiona siku hiyo. Alifariki Bombay tarehe 4 Julai 1955.